Unanunua Saa, Hununui Milango: Pasi za Jiji kwa Wanaokwenda Maonesho ya Utalii Ulaya

(Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya waongoza watalii, madereva na wafanyakazi wa ofisi za safari wanaojiandaa kwenda maonesho ya utalii London na Berlin.)

Wazee wetu, shikamooni. Na wengine wote, habari za jioni.

Tukubaliane kwanza juu ya neno. Pasi ninayoisemea leo si ya kunyooshea nguo, si ya kusafiria, wala si ile anayosubiri mshambuliaji. Ni kadi, siku hizi mara nyingi msimbo wa QR ndani ya simu, unayoilipia mara moja ikakufungulia vivutio vya jiji kwa muda uliopangwa. London inayo, Berlin inayo, Paris, Roma, Amsterdam, New York. Wengi wenu mtakuwa na siku mbili tatu baada ya maonesho, na matangazo ya pasi hizi yatawakuta uwanja wa ndege hata kabla hamjapata mabegi.

Ninyi kitu hiki mnakijua tayari kwa jina jingine. Dereva aliyeingia Serengeti kupitia geti la Naabi saa saba mchana anajua kesho saa saba mchana kibali kimekufa. Mgeni anaomba dakika kumi zaidi kwa chui aliyelala juu ya mti, dereva anaitazama saa kuliko anavyomtazama chui. Pasi ya jiji ni kibali kile kile: bei haifuati wanyama uliowaona, inafuata muda. Tofauti ni moja na ina faida kubwa. Hifadhini wanahesabu saa uliyotoka getini. Makumbusho huhesabu saa uliyoingia. Pasi yako ikiwa inakufa saa nne asubuhi na wewe ukaskaniwa mlangoni saa nne kasorobo, umeingia. Kaa humo hadi wafunge. Kwa hiyo mlango wa mwisho wa pasi ya saa uwe wa sehemu kubwa, ile ya kukaa nusu siku. Watu hufanya kinyume: wanamalizia kwa kanisa dogo la dakika ishirini, kisha wanalipia tiketi ya makumbusho makubwa mchana ule ule.

Nimesema pasi ya saa kwa sababu si zote ni za saa. Hapo ndipo hela nyingi hupotea.

Kadi ya Amsterdam, I amsterdam City Card, huuzwa kwa saa 24, 48, 72, kuendelea hadi 120. Paris Museum Pass ni saa 48, 96 au 144. Hizi huanza kuhesabu pale unapoitumia mara ya kwanza. Ukiiwasha ya saa 48 Ijumaa saa sita mchana, umepata mchana wa Ijumaa, Jumamosi nzima na asubuhi ya Jumapili. Umegusa siku tatu kwa bei ya mbili.

London Pass na Museumspass ya Berlin zenyewe huhesabu siku za kalenda. Ukiiwasha saa tisa alasiri, siku imeliwa, na usiku wa manane siku ya pili imeanza. Pasi ya namna hii iwashwe wakati mlango wa kwanza unafunguliwa au isiwashwe kabisa siku hiyo. Aina ya tatu hutoa idadi ya vivutio: CityPASS ya New York inatoa vivutio vitano ndani ya siku 9. Hiyo haina presha, tuiache.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua karatasi kabla hujafungua tovuti ya pasi yoyote, maana ukianza na tovuti yao utaanza kutamani vitu ambavyo hukuwahi kuvitaka. Andika sehemu unazotaka kweli. Mbele ya kila moja weka bei ya tiketi kama ilivyo kwenye tovuti ya sehemu yenyewe, siku inayofungwa, na muda utakaokaa. Kata zote zisizo na kiingilio. Zilizobaki zipange mbili kubwa kwa siku, au tatu kama ziko mtaa mmoja. Jumlisha, ndipo ulinganishe na pasi. Wauzaji hulinganisha bei yao na bei ya dirishani, ambayo mara nyingi iko juu ya bei ya mtandaoni, kwa hiyo "okoa nusu" yao msiipokee bila kuikagua. Mimi kipimo changu ni hiki: kama faida haifiki hata kiingilio kimoja, acha pasi. Tiketi moja moja inakuachia uhuru wa kuamka umechoka na kubadili mpango.

Twende London, maana maonesho yao ni Novemba na Novemba ina mambo yake. Jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Tower of London nayo msimu huo hufunga saa kumi na nusu. Sasa tuseme, kwa namba za kujifunzia tu, pasi ya siku moja ni pauni 90, na viingilio unavyovitaka ni pauni 35, 30 na 25. Vitatu vyote vinafika 90 kamili, maana yake hujapata kitu. Faida inaanzia kivutio cha nne. Tower peke yake inahitaji masaa matatu kwa mtu asiyekimbia. Ukianza saa nne asubuhi, ukatoka saa saba, ukala kitu, ukapanda treni ya chini ya ardhi, unafika cha pili saa nane na nusu. Makumbusho mengi huacha kupokea watu nusu saa hadi saa nzima kabla ya kufunga. Cha tatu utakiona kwa nje, cha nne utakisoma kwenye kijitabu. Pasi hiyo hiyo mwezi Juni, jua likizama baada ya saa tatu usiku, ingeweza kulipa. Novemba ni ngumu.

Tena London ina vya bure vingi na si vya hadhi ya chini. British Museum, Natural History Museum, Science Museum, Victoria and Albert, National Gallery, Tate Modern: mikusanyo yao ya kudumu haina kiingilio, ni maonesho maalumu ndiyo hulipiwa. Ukitaka kuliona jiji kutoka juu, Sky Garden ni bure, ila unaweka nafasi mapema. Mtu aliyelipia pasi ya siku tatu kisha akashinda siku nzima British Museum amelipa siku hiyo kwa kitu cha bure. Na angalieni Jumapili: Westminster Abbey na St Paul's hazipokei watalii, ni siku ya ibada. Unaweza kuingia kusali, na kusali hakuhitaji pasi.

Usafiri wa London hauna haja ya kadi ya watalii. Kadi ya benki ya kugusa inatosha, na mfumo una kikomo cha makato kwa siku. Ukikifikia, safari nyingine haziongezi kitu. Lakini kila mtu na kadi yake, na kifaa kiwe kile kile kutwa nzima. Ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu, hata kama vyote viwili vinakata akaunti moja, mfumo unaona safari mbili ambazo hazijakamilika na unatoza kila moja bei ya juu.

Berlin ni Machi, na kule nina neno jema zaidi. Museumspass inatoa siku 3 mfululizo katika makumbusho zaidi ya 30. Kinachoiharibu ni Jumatatu, siku ambayo sehemu nyingi zimefungwa. Ukiinunua Jumapili umetupa theluthi yake. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ndizo siku zake. Kisiwa cha Makumbusho kina nyumba tano zinazotembeleka kwa miguu, kwa hiyo hata tatu kwa siku inawezekana. Lakini Pergamon, lile lililokuwa likivuta foleni ndefu kuliko yote, lilifungwa lote Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka, na bado mtakuta vijitabu vya zamani vyenye picha yake kwenye jalada. Neues Museum, ilipo sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, ndilo la kuanza nalo asubuhi.

Msichanganye hiyo na Berlin WelcomeCard. Ile ya kawaida ni tiketi ya usafiri pamoja na punguzo. Punguzo si kiingilio, bado utalipa mlangoni. Na ina kanda. Uwanja wa ndege wa BER uko kanda C. Aliyenunua ya kanda A na B tu kwa sababu ni nafuu, akapanda nayo treni ya kwenda uwanjani, hana tiketi halali, na faini ni euro 60. Tiketi ya karatasi isiyogongwa mhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda ni sawa na kutokuwa nayo. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida na hawana mjadala wa "mimi mgeni". Ninyi mnaofanya kazi na mageti mnaelewa.

Kuna sehemu moja Berlin ambayo Mtanzania haifai aiache: Museum für Naturkunde, alipo mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria. Mifupa ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ikabebwa kwa vichwa na mabega hadi pwani, na leo imesimama ukumbini kimo cha mita 13.27. Ukisimama chini yake unaangalia juu kama mtu anayemtafuta tumbili kwenye mkuyu. Nao hufunga Jumatatu. Hesabu ya pasi hapa iweke pembeni. Hata kwa tiketi ya kawaida, nendeni.

Watakaopitia Paris, niseme haraka. Pasi yao haina usafiri na haina mnara wa Eiffel. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne; makumbusho ya Orsay na kasri la Versailles hufungwa Jumatatu. Kuwa na pasi hakukupi nafasi: Louvre na kanisa la Sainte-Chapelle lazima uweke muda wako mtandaoni, na muda wa Louvre ukishajaa, pasi yako inabaki kuwa picha nzuri kwenye simu. Kwa hiyo mpangilio ni huu: angalia kwanza kama muda upo, ndipo ununue pasi, na hapo hapo uweke nafasi. Tangu Januari 2026 Louvre inatoza wageni wasiotoka Ulaya euro 32, huku bei ya awali ilikuwa 22. Kupanda huko kunaipa pasi nguvu zaidi kwetu kuliko kwa Mfaransa. Na kama unasafiri na watoto, wa chini ya miaka 18 huingia bure Louvre, Orsay na Versailles. Usimnunulie mtoto pasi. Mwekee nafasi ya bure, ubebe pasipoti yake ya kuonesha umri.

Saa zao sasa. 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Toa sita na mambo yanakwenda. Mkiwa kundi, anayesema "tukutane saa tatu" mbele ya tiketi iliyoandikwa 15:00 atawapoteza wenzake, kwa hiyo tajeni namba kama ilivyoandikwa. London mwezi Novemba iko nyuma yetu kwa masaa matatu, Berlin mwanzoni mwa Machi kwa mawili. Hilo lina maana hata ukiwa hapa Arusha: tiketi za nyumba ya Anne Frank, ambayo haimo kwenye kadi ya Amsterdam, hutolewa kila Jumanne saa 10:00 za kwao kwa ziara za wiki sita mbele. Majira ya baridi hiyo ni saa sita mchana kwetu, majira ya joto saa tano asubuhi. Ukija saa kumi jioni umekuta makapi.

Wiki sita hizo zinagongana na viza. Ubalozi kwa kawaida huchukua hadi siku 15 kuamua maombi ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na unaruhusiwa kuomba miezi 6 kabla ya safari. Ombeni mapema. Pasi isiyorejeshwa fedha isinunuliwe viza haijatoka.

Malipo: hakikisha benki imefungua kadi yako kwa manunuzi ya mtandaoni. Mashine ya huko ikikuuliza ukatwe kwa euro au kwa sarafu ya kadi yako, chagua euro. Kiwango wanachokubadilishia wao kina faida yao ndani. Msimbo wa QR upige picha ya skrini, maana bando linaweza kugoma mlangoni. Baridi ya Machi inanyonya betri, simu ikae mfuko wa ndani na pawabenki iwepo. Na walanguzi walio nje ya vivutio wanaouza "pasi ya kuruka foleni", wapiteni. Foleni ya ukaguzi wa usalama hairukwi na pasi yoyote.

Kuna mkono umenyooshwa kule nyuma. Mama anauliza: wao watakuwa na masaa manane Amsterdam wakisubiri ndege ya kurudi KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, wanunue kadi ya saa 24?

Hapana, mama. Kwanza bila viza ya Schengen hamtoki uwanjani. Mkiwa nayo, toeni saa moja na nusu ya kushuka, kukaguliwa na kupanda treni hadi stesheni kuu. Treni hiyo haimo kwenye kadi, mnainunulia tiketi yake. Toeni masaa matatu ya kurudi na kuingia ndegeni. Yamebaki matatu na nusu. Hayo ni makumbusho mamoja, au boti moja ya mifereji, na tiketi ya kimoja ni nafuu kuliko kadi. Mkitaka kutolipa kabisa, tokeni mlango wa nyuma wa stesheni, ule unaotazama maji. Kuna vivuko vya kwenda Noord, upande wa pili wa maji, havina tiketi kwa mtu yeyote. Mnavuka dakika chache, mnaliangalia jiji kutoka ng'ambo, mnarudi na kinachofuata.