Bildi haiishiwi chaji

Vijana wa Dunga, mwaka juzi mlinisikia, mwaka jana mkanisikia. Leo mtanisikia tena, maana asubuhi nimeshuka ufuoni nikakuta simu kila mfukoni, bildi hata moja sikuiona.

Bildi ndiyo hii: pande la risasi la kupimia kina cha maji, kilo tatu hivi, na kamba yake. Fundi wa nyumba atasema ni timazi iliyonenepa. Sawa. Sasa igeuze, chini pana kishimo. Humo baharia alishindilia shahamu ya ng'ombe, akairusha mbele ya chombo. Kamba ilimpa kina, shahamu ikamletea sakafu yenyewe: mchanga, tope, vipande vya kombe. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, aliandika, yapata miaka 2,400 iliyopita, kwamba ukielekea Misri, ukiwa bado safari ya siku moja baharini, bildi hutoka na tope kwenye pima 11, pima moja ikiwa mikono miwili iliyonyoshwa. Nchi hujaiona, Nile imeshakupokea! Mto Nyando nao unamwaga tope kwenye ghuba yetu ya Ziwa Victoria kila masika. Nani kati yenu analijua tope lake?

Najua swali: “Mzee, gizani kamba utaisomaje?” Husomi, unapapasa. Waingereza walifunga ngozi ya ncha mbili kwenye pima 2, ya ncha tatu kwenye pima 3, kitambaa cheupe kwenye 5, chekundu kwenye 7, ngozi yenye tundu kwenye 10. Vitambaa vilikuwa vya nyuzi tofauti, mkono uvitambue bila jicho. Vidole vikifa ganzi kwa baridi, kitambaa hutiwa mdomoni. Ilambe simu yako, tuone itakwambia kina gani.

Cheka tu. Wa kanisani, fungueni Matendo 27: usiku wa manane, chombo cha Paulo, pima 20, mbele kidogo pima 15, papo hapo nanga nne tezini. Hakuna aliyeona ufuo.

“Lakini ziwa si bahari.” Mvua ya alfajiri ikikufunika, utazitofautishaje? Tena ghuba hii maji yake ni mafupi, kamba ya pima kumi inakutosha.

Nilitaka kusema juu ya honi ya ukungu, ile ya mvuke aliyoibuni Robert Foulis kule Kanada, ikafungwa 1859, na kwa nini sauti nzito hufika mbali kuliko nyembamba. Na kengele za chini ya maji. Na rada. Naona naonyeshwa saa.

Basi. Shahamu waombeni wachinjaji. Na aliyeshika kamba yangu huko nyuma, airudishe kabla ya chai.