Bombay na mafundi wake wa meli

Haya ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo ni Bombay, ambayo siku hizi tunaiita Mumbai, na naanzia kwenye harusi kabisa. Mwaka 1661 Wareno wanakubaliana kumuoza Catherine wa Braganza kwa Charles II wa Uingereza, na kwenye mali anayokuja nayo bibi harusi imo Bombay (kwetu bwana ndo anatoa mahari, kule mke ndo kaja nayo). Wakati huo ni visiwa saba tu, wavuvi, minazi na tope. Mwaka 1668 mfalme anaikodisha kwa Kampuni ya East India, kampuni ya biashara ya Waingereza, pauni 10 kwa mwaka. Pauni 10 jamani! Na wenyeji hakuna aliyewauliza.

Sasa utasikia watu wanasema ile bandari wamejenga Waingereza, mi hilo silikubali. Mwaka 1736 Kampuni ilimfata fundi seremala Mparsi (Waparsi ni watu wa India wenye asili ya Uajemi, dini yao ya Zoroasta) kule mji wa Surat, Lowjee Nusserwanji, akahamia Bombay na mafundi wake, na ukoo wake ndo hao wanaoitwa Wadia, jina lenyewe maana yake waunda meli, wakarithishana kazi zaidi ya miaka 100. Kufika 1750 kuna gudi pale, yaani pahala pa kuingizia meli na kukausha maji ili itengenezwe. Mbao zao ni msaji wa Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India, mbao ya aina ile ile matajiri wa Unguja waliyokuwa wakiagiza kwa milango yao, ina mafuta yake yenyewe, kuoza inachelewa sana, wakati mwaloni wa Ulaya ulikuwa unawaozea baharini mapema tu.

Na meli zao zilifika mbali. HMS Cornwallis, meli ya kivita ya Uingereza, imeshushwa majini Bombay mwaka 1813, na ndani ya meli hiyo hiyo mwaka 1842 Wachina, wameshashindwa vita na Waingereza, wakasainishwa mkataba wa Nanking, Hong Kong ikaenda kwa Waingereza. Hapa huwa naumia kweli, maana mikono ya waliotawaliwa ndiyo iliyounda chombo cha kwenda kuwabana wengine.

Nyingine ni HMS Trincomalee. Walipoanza kuiunda mwaka 1816, Jamsetjee Bomanjee Wadia aligongomea msumari wa fedha kwenye mkuku wake, ule uti wa mgongo wa meli, ndo desturi ya Waparsi ya kuiombea meli heri, kisha 1817 ikashushwa. Ipo mpaka leo, inaelea Hartlepool, Uingereza, watu wanalipa kiingilio kuiona.