Mbegu Feki, Imani ya Mkulima na Ukuaji wa Uchumi

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, walimu na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie namna vita dhidi ya bidhaa bandia inavyochangia ukuaji wa uchumi katika nchi inayoendelea. Mada hii ni pana, maana zimo dawa, vipuri vya magari, nyaya za umeme, vipodozi na simu. Nimeamua kubaki na mbegu na mbolea, kwa sababu kilimo huchangia takriban robo ya Pato la Taifa la Tanzania na ndicho kinachoajiri Watanzania wengi zaidi.

Tuchukue paketi ya kilo 2 ya mbegu chotara ya mahindi. Anayeighushi hahitaji maabara wala shamba la utafiti. Hununua mahindi ya kula sokoni, huyapaka rangi yafanane na mbegu iliyotiwa dawa, huyafunga katika mfuko wenye nembo ya kampuni halali, kisha huyasambaza wakati wakulima wanakimbizana na mvua. Mahindi hayo huota, na hapo ndipo penye ubaya wake, kwani kama yasingeota mkulima angerudi dukani baada ya wiki mbili akiwa na ushahidi. Yanaota, yanapaliwa, yanawekewa mbolea, na ikifika wakati wa kutoa mbelewele ndipo shamba linapoonekana halilingani: mashina mengine marefu, mengine yamedumaa, mengine yameshikwa na ugonjwa wa milia ambao mbegu halisi ingeustahimili. Kufikia hapo risiti, kama ilitolewa, imekwisha kupotea. Muuzaji atalaumu mvua au udongo, na mkulima hana namna ya kumkatalia kwa uhakika. Aliyoyapoteza ni zaidi ya bei ya paketi: amepoteza kodi ya shamba, malipo ya vibarua, mbolea na msimu mzima.

Hasara hiyo haiishii shambani kwake. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uganda, ambapo mbolea ya urea iliyonunuliwa katika maduka ya kawaida ilipimwa na kukutwa imepungukiwa na virutubisho kwa takriban asilimia 30, na mbegu chotara za mahindi zikakadiriwa kuwa na mbegu halisi chini ya nusu. Kwa viwango hivyo faida anayoipata mkulima ni ndogo mno. Mara nyingi tumewasikia wataalamu wakisema kwamba mkulima mdogo ni mgumu kupokea teknolojia mpya na kwamba anahitaji elimu. Mimi naona mkulima huyo amepiga hesabu zake vizuri. Haoni sababu ya kutoa fedha taslimu kwa kitu ambacho hakimrudishii gharama zake, na elimu ya namna yoyote haitaibadilisha hesabu hiyo mradi kilichomo kwenye mfuko sicho kilichoandikwa juu yake.

Sasa linganisheni na yaliyoonekana hapa kwetu, katika Mkoa wa Morogoro. Watafiti walikusanya mamia ya sampuli za mbolea kutoka kwa wauzaji, wakazipima, wakakuta karibu zote zimefikia kiwango cha nitrojeni kinachotakiwa, ambacho kwa urea ni asilimia 46. Pamoja na hayo, wakulima wengi waliohojiwa waliamini kwamba mbolea inayouzwa ni mbovu au imechakachuliwa. Walikuwa wakiipima kwa macho: ikishika unyevu na kuganda mabonge huiona haifai, ingawa nitrojeni yake iko palepale. Naomba tulitafakari jambo hili kwa makini, kwa sababu linaonyesha kwamba bidhaa bandia huendelea kuuharibu uchumi hata mahali ambapo yenyewe haipo. Shaka peke yake inatosha kumfanya mtu anunue kidogo au asinunue kabisa, na mavuno ya taifa yakabaki chini.

Mwenye kiwanda halali naye huumia kwa njia hiyo hiyo. Kampuni inayozalisha mbegu hutumia miaka kadhaa kwenye utafiti, hulipia ukaguzi wa mashamba, hulipa kodi na mishahara, na gharama zote hizo zimo ndani ya bei. Mghushi analipia mfuko, wino na rangi. Ikiwa mnunuzi hawezi kuwatofautisha, hatakubali kulipa bei ya juu, na anayezalisha kwa uaminifu atalazimika kushusha ubora au kufunga. Ajira tunazozililia hupotea kwa njia hiyo, na kodi pia.

Je, vita hii tunaweza kuishinda? Nakumbusha suala la uchakachuaji wa mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, dizeli ikawa na kodi kubwa, na watu wakachanganya. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali maalumu ya kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta, na katika bajeti ya 2011/12 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa kishawishi. Hatua hiyo iligusa chanzo chenyewe, lakini ilimgharimu pia maskini aliyewasha kibatari, na wanaotunga sera wanapaswa kuuweka mzigo huo kwenye mizani mapema.

Sheria tunazo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, Tume ya Ushindani inaisimamia, na TOSCI, taasisi ya Serikali ya kuthibitisha mbegu, inadhibiti ubora wa mbegu. Nchini Kenya, KEPHIS, shirika la Serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, hutoa stika inayobandikwa kwenye paketi, ambayo mkulima huikwangua na kutuma namba iliyomo kwa ujumbe wa simu ili kujua kama mbegu ni halali. Njia ya namna hiyo ina thamani kubwa kuliko kuteketeza makontena mbele ya kamera, kwa kuwa inampa mnunuzi uwezo wa kuhakiki akiwa bado kaunta, kabla hajatoa fedha.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, matokeo ya vipimo vya mbegu na mbolea, mazuri na mabaya, yatangazwe kwa redio za mikoani kabla ya Oktoba, wakati wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wanapojiandaa kununua pembejeo. La pili, anapotiwa hatiani muuzaji wa mbegu feki, mahakama isiishie kwenye faini inayoingia Hazina. Iamuru pia mkulima alipwe fidia ya msimu alioupoteza, na fidia hiyo imfikie kabla ya msimu unaofuata.