Mwacheni Mtoto na Kopo Lake

(Mazungumzo na wazazi wa shule ya msingi, Mikindani, Mtwara, kabla mvua hazijaanza)

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mliokaa huku mbele mkinitazama mikononi: nimebeba mbegu, si pipi. Poleni.

Nimeombwa nieleze namna ya kumfundisha mtoto kuotesha miche nyumbani. Nitasema zaidi na wakubwa, maana watoto hawana tatizo. Mpe mtoto kopo, udongo na mbegu, ataotesha. Tatizo liko kwetu. Wengi wetu bustani tuliijua shuleni, na tuliijua kama zamu au kama adhabu. Umechelewa namba, kalime. Umepiga kelele darasani, kamwagilie. Sera ya Mwalimu Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea, ya mwaka 1967, ilitaka shule iwe na shamba ili mtoto ajifunze kwa kufanya. Haikutaka jembe lishike nafasi ya fimbo. Leo ukimwita mwanao, "Njoo tuoteshe mchicha," kwanza anajiuliza amekosa nini.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na hata mkisahau mengine yote shikeni hili: kopo liwe lake. Liandikwe jina lake. Amwagilie yeye. Akisahau, mbegu zikauke, aanze upya. Mama anayetoka usiku kimyakimya kumwagilia kopo la mtoto amemnyima somo lenyewe.

La pili, mbegu ilingane na subira ya mtoto. Anayeanza mpe choroko. Aloweke usiku, asubuhi azipange kwenye kitambaa kibichi ndani ya glasi, zikibanwa ukutani mwa glasi ili azione. Kwa joto letu hili, siku moja au mbili mzizi umechungulia. Mzizi ndio hutangulia, si jani. Ukishachomoza, mwambie aigeuze choroko moja kichwa chini miguu juu aiache. Kesho yake atakuta mzizi umejikunja unashuka tena chini. Msimweleze kabla hajaona. Mwacheni aulize.

Akishaonja hilo, mchicha: siku tatu hadi tano umeota. Nyanya kama wiki moja. Bilinganya na pilipili wiki mbili, pengine zaidi. Papai linaweza kukaa hata mwezi, na mtoto mdogo ukimpa papai liwe mbegu yake ya kwanza atalifukua kila siku kuangalia kama limekufa.

Na msimu. Maelekezo mengi ya kuotesha miche ndani ya nyumba yametoka nchi za baridi, ambako watu wanakimbia theluji, na dirisha ndilo linalowapa joto. Sisi Mtwara na Lindi tunakimbizana na mvua. Huku msimu ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, Mei, kisha ukame. Bilinganya, pilipili na papai zisieni sasa, ili ardhi ikishalowa miche iwe tayari. Nyanya zingojee mvua zinapokaribia kukatika, kama Machi au Aprili, maana masika yenyewe huzijaza magonjwa ya majani. Kunde, choroko na mahindi hazihitaji kitalu. Zikimaliza kuchezewa kwenye glasi, zinazofuata zipandwe moja kwa moja shambani.

Vyombo mnavyo. Chupa ya maji iliyokatwa, kopo la maziwa, kifuu cha nazi. Kifuu chukueni cha upande wenye macho, jicho moja ni laini, mtoto analitoboa mwenyewe kwa kijiti na tundu la kupitishia maji limepatikana. Chombo kisicho na tundu chini msikitumie. Udongo: vipimo vitatu vya udongo mweusi wa juu, kwa mfano wa chini ya mwembe, viwili vya samadi iliyooza kabisa, kimoja cha mchanga. Kama udongo wa kwenu tayari ni kichanga, na wengi hapa ndivyo ulivyo, huo mchanga uacheni. Na msichote wa ufukweni, una chumvi.

Kufukia. Mtoto anapenda kuizamisha mbegu kwa kidole mpaka kidole kiishe. Kipimo ni unene wa mbegu yenyewe mara mbili, basi. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, achanganye na mchanga mkavu kidogo zisirundikane, anyunyize, afunike kwa utando mwembamba tu wa udongo.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miche mingi ya watoto hufa kwa kupendwa. Mtoto anamwagilia asubuhi, anamwagilia akitoka shule, anamwagilia mgeni akija ili amwonyeshe. Siku moja anakuta mche umelala. Majani bado ya kijani, hayajanyauka, ila shingoni, pale shina linapogusa udongo, pamebonyea, pamekuwa pembamba kama uzi, rangi ya maji ya chai. Huo ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya udongoni vinavyostawi kwenye unyevu na msongamano. Mche ukishafika hapo hauponi. Mpeni mtoto aung'oe, aishike hiyo shingo, aone. Kisha mfundisheni kipimo cha kidole: achomeke hadi ukucha uzame, kikitoka na udongo ulioshika, leo hakuna maji. Amwagilie asubuhi, kwa kopo lililotobolewa matundu ya msumari, na miche iliyosongamana aipunguze. Kupunguza kutamliza. Mwacheni alie, lakini apunguze.

Wa Newala na uwanda wa Makonde kwa jumla, ambako ndoo ya maji inanunuliwa, maji ya kuoshea mchele yanafaa kabisa.

Jua letu la Oktoba linapita utosini, kitalu kinataka kivuli chepesi cha makuti. Chepesi, nimesema. Uvunguni mwa kitanda mche hurefuka, hupauka na kuanguka. Karibu na kuhamishia, makuti yaondolewe kidogo kidogo kwa wiki moja. Kuhamisha ni jioni, mche ukiwa na majani halisi mawili au zaidi juu ya yale mawili ya kwanza, na mtoto aushike jani, asiushike shina. Jani likichanika litaota jingine. Shina likivunjika, kwaheri.

Tahadhari moja: mbegu za pakiti zenye rangi ya waridi au kijani zimepakwa dawa. Mtoto mdogo asizishike, na mkubwa anawe.

Maswali.

Mama ameuliza kuhusu kuku. Kuku hafundishiki. Kitalu kikae juu, kwenye kichanja au juu ya paa la banda lake mwenyewe.

Mzee wangu ameuliza kama mtoto anaweza kuotesha korosho. Ndiyo, na anapenda sana. Azitie kwenye maji, zinazoelea atoe, zilizozama aloweke siku moja au mbili, apande kwenye kiriba kirefu, upande ulioshikana na bibo ukitazama juu. Asibangue mbichi, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Ila mkorosho wa mbegu si lazima ufanane na mama yake. Mzee, kama unataka shamba la biashara, tafuta miche ya kubebesha, waulize wataalamu wa TARI Naliendele hapo, kituo cha utafiti wa kilimo. Huo wa mtoto ni wa mtoto.

Na wewe binti umeuliza mchicha ukikomaa ni wa nani. Swali zuri, wazazi msikilize. Ni wako. Mama akiutaka kwa mboga ya mchana, aombe, au anunue kwa bei ya gengeni. Ukisema hauuzi, aende gengeni.