Puli Moja, Kasi Sita

Asanteni, jisogezeni mbele kidogo, sauti yangu ni ya karakana lakini feni hii inanishinda. Nimeulizwa mlangoni: "Fundi, mashine yangu ya kukereza ni nzito wa mwendo, nibadilishe mota?" Mota iache kwanza. Tazama puli, lile gurudumu lenye mfereji wa mkanda.

Mnajua kwa nini tunahitaji kasi. Kisu cha kawaida cha HSS, yaani chuma cha kasi kubwa, kwenye chuma laini kinakwenda vizuri kwa mita 25 hivi kwa dakika. Shafti ya milimita 50 itataka mizunguko kama 160 kwa dakika. Ya milimita 10 itataka 800. Sasa chukueni Myford ML7, mashine ndogo ya Kiingereza iliyotoka Beeston, Nottingham, tangu 1946. Ina kasi sita: 35, 62, 110, 200, 357 na 640. Tatu za chini ni za giya za nyuma, zile za kupunguza mwendo. Hiyo 800 haimo.

Hesabu ni ya darasa la saba: kasi ya puli inayoendesha mara kipenyo chake ni sawa na kasi ya puli inayoendeshwa mara kipenyo chake. Tuseme puli ya mota ni milimita 60, unaweka ya 75. Umeongeza robo: 640 imekuwa 800. Watu hupiga makofi hapo. Lakini ile 35 nayo imepanda, imekuwa 44 hivi, na siku ya kukata uzi mkubwa wa skrubu karibu na bega la kipande unachokereza utaikumbuka 35 yako. Ukigusa puli ya mota umehamisha ngazi nzima ya kasi. Kwa hiyo mimi napendelea puli ya mota yenye ngazi mbili, ya zamani ibaki pembeni ya mpya.

Kipenyo chenyewe usikipime ukingoni. Pima pale mkanda unapobeba mzigo, ndani kidogo ya ukingo.

Na wanaokereza puli wenyewe, hapa ndipo nilipoharibu. Mkanda wa V wa saizi A una pembe ya digrii 40, nami nikachonga mfereji wa digrii 40. Ukateleza, ukanuka mpira ulioungua. Mkanda ukipinda kwenye puli ndogo, upande wake wa ndani hufura na pembe yake hupungua. Ndiyo maana puli ndogo huchongwa digrii 34, na zile zinazozidi milimita 118 hivi digrii 38. Tena mkanda ushike kwa mbavu tu, usikae chini ya mfereji. Chini ya milimita 75 mkanda huo unateseka, hata pembe ikiwa sahihi.

Kuna anayeuliza kuhusu inveta, kifaa cha umeme cha kubadili mwendo wa mota. Nzuri, ila ukiishusha mota hadi mizunguko michache, nguvu yake inashuka nayo, na feni yake inazunguka polepole mno kuipoza. Puli ikipunguza mwendo inakurudishia nguvu kwenye kisu.

Kabla ya kupandisha, soma kasi iliyochapwa kwenye chaki, kile kishikio kinachozungusha kazi. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayoivuta kuipasua huwa mara nne, na chuma cha kusubu hakitoi onyo. Bushi za metali nyeupe zinazobeba shafti kuu nazo zinataka mafuta. Baada ya dakika 10 ziguse kwa mkono kuona kama zimepata moto, mashine ikiwa imesimama.

Haya, nani ana kalipa? Tuifungue hii hapa. Chomoeni plagi kwanza.