Mmea Unalala Nje

Naona mkono umenyooshwa hata sijaanza kueleza namna ya kulinganisha joto la mji na mji, na swali nalijua: wastani wa joto la Nairobi kwa mwaka ni nyuzi ngapi? Karibu 19. Haya, umeipata. Sasa hiyo 19 utaifanyia nini? Nimelisema hili mpaka nachosha watu: mmea hauishi kwenye wastani. Mmea unalala nje. Unapigwa na jua la saa nane na unaganda alfajiri, na wastani umefuta vyote viwili.

Chukueni karatasi ya mirabamiraba. Kwa kila mwezi chora kijiti kimoja, kianzie kwenye joto la chini la kawaida la usiku, kiishie kwenye joto la juu la mchana. Vijiti kumi na viwili. Mji wa pili uchore hivyohivyo, kwa rangi nyingine, juu ya ule wa kwanza. Kisha hesabu vijiti vinalaliana nyuzi ngapi kila mwezi. Ukitaka tarakimu ya kulinganishia, zidisha urefu wa kijiti kimoja kwa urefu wa kingine, tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, kisha gawanya nyuzi zile kwa hicho. Ndivyo alivyofanya mwanaikolojia Daniel Janzen mwaka 1967, akilinganisha milima ya Costa Rica na ya Marekani.

Tujaribu Nairobi na London. Julai, Nairobi ni kama 12 hadi 22. London 14 hadi 24. Vinalaliana nyuzi 8, vijiti vyote viwili vina urefu wa 10, jibu 0.8. Karibu mji mmoja! Januari, London ni 3 hadi 8, Nairobi 12 hadi 26. Sifuri. Kwa hiyo anayesema Nairobi ina hali ya hewa ya Ulaya, muulize ya mwezi gani.

Sasa Mombasa na Nairobi, na hapa nitakaa. Februari, kaskazi ikivuma, Mombasa ni 24 hadi 32, Nairobi 13 hadi 27: nyuzi 3. Julai, wakati wa kusi, Mombasa 20 hadi 28: nyuzi 2. Mtasema, basi zinagusana mwaka mzima, tatizo liko wapi? Tatizo ni saa. Hiyo nyuzi 25 ya Februari mnayoiona kwa wote wawili, Mombasa ni ya saa kumi na moja alfajiri, Nairobi ni ya saa nane mchana. Usiku wa mmoja umekutana na mchana wa mwenzake. Ndiyo maana mbatata ukiipanda pwani inastawi majani, unafurahi, unachimba, unakuta gololi. Kiazi hujaa usiku ukiwa na ubaridi. Ukizidi nyuzi 20 hivi, chakula kinaishia kwenye majani na kupumua. Na usiku wa Mombasa, hata Julai, unaishia hapo kwenye 20. Usiniambie habari ya mbolea. Mbolea haipunguzi joto la usiku.

Tazameni Oman sasa. Muscat mwezi Juni mchana hufika 40, lakini Januari ni 17 hadi 25. Panda mlima wa Jebel Akhdar, kule Saiq, Julai ni kama 19 hadi 30. Baridi ya Muscat inaingia ndani ya joto la mlimani. Mdudu wa Muscat akipanda mlima Julai hakuti kitu kigeni. Ameshakizoea Januari nyumbani. Mdudu wa Mombasa akipelekwa Nairobi anakutana na nyuzi 12 ambayo hajawahi kuiona mwezi wowote. Kwa hiyo pigeni hesabu mbili: mwezi kwa mwezi, kisha mwaka mzima wa mji huu dhidi ya mwaka mzima wa ule. Watu wengi huishia ya kwanza.

Muda unanikimbiza, unyevu na upepo siku nyingine. Vipimo tu, haraka. Sanduku la kuwekea vipimajoto liwe jeupe, lenye mbao za kupitisha hewa, juu ya nyasi, vipimajoto viwe mita moja na robo mpaka mbili kutoka ardhini. Huku kwetu jua linahama kaskazini na kusini, kwa hiyo sanduku liwe na milango miwili. Fungua ule usioelekea jua msimu huo. Ukishasoma kipimajoto cha joto la juu, kikung'ute. Kile cha joto la chini, kiinamishe mpaka kijiti cha ndani kirudi kwenye ncha ya spiriti. Ukisahau, daftari litaandika 31, 31, 31 siku ambayo mvua ilinyesha kutwa. Vijiti vyako vitarefuka, miji italaliana kwenye karatasi tu.

Na ndugu unayetaka kutumia kipimajoto cha gari: gari limeegeshwa juani tangu asubuhi, hicho kinapima bati.