Theluji ya Minneapolis, jua la Moshi

BARAKA: Karibuni tena. Mimi ni Baraka, niko na mwenzangu Neema hapa Minneapolis, na nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri.

NEEMA: Na wewe umetoka kukimbia. Nyusi zote barafu!

BARAKA: Nifanyeje, dada? Kilimanjaro Marathoni ni mwishoni mwa Februari, na nimeshalipia nusu marathoni, zile kilomita 21. Moshi wakati huo jua linachoma, huku Minnesota watu wanaegesha magari juu ya maziwa yaliyoganda wavue samaki.

NEEMA: Tuanze na mavazi, maana hapo ndipo wageni wa baridi wanapoumia. Mtu anavaa koti zito la kazini, baada ya dakika kumi jasho chapachapa, akipunguza mwendo tu baridi inamshika mgongo. Ukitoka mlangoni, usikie baridi kidogo.

BARAKA: Mimi navaa fulana nyembamba ya sufu, nyingine ya kutunza joto, juu jaketi jepesi la kukinga upepo. Pamba hapana, ikilowa haikauki. Usoni mafuta ya mgando, yale yale ya nyumbani. Na chupa ya maji inakaa ndani ya jaketi, mdomo ukiangalia chini.

NEEMA: Chini tena?

BARAKA: Maji huanza kuganda juu. Ukiigeuza kunywa, mdomo haujaziba.

NEEMA: Hiyo nimeichukua. Na upepo uanze nao usoni, urudi ukiwa mgongoni. Ukifanya kinyume, unarudi umelowa jasho na upepo unakuchapa.

BARAKA: Mwendo je? Saa yangu inanidharau siku hizi.

NEEMA: Iache ikuhesabie dakika tu. Njia ya kuzunguka ziwa letu hapa mjini, Bde Maka Ska, wanaikwangua theluji, lakini barafu isiyoonekana inabaki. Hatua fupi, kimbia ukiweza kupiga stori. Anayelazimisha kasi ya Septemba kwenye theluji ya Januari anajitafutia kuteguka. Kasi ipeleke kwenye mashine ya kukimbilia ya jimu.

BARAKA: Jamani, ile mashine inachosha akili!

NEEMA: Pole yako, ila unaihitaji. Nusu ya Moshi inapanda kuelekea Mweka ndipo irudi mjini, na huku ziwani ni tambarare tupu. Inua mashine asilimia nne au tano, ukae hapo. Na kushuka usikusahau, mteremko ndio unaoumiza mapaja. Shuka ngazi za jengo lenu.

BARAKA: Majirani watadhani nimefukuzwa nyumbani.

NEEMA: Wacha wadhani. Joto unajiandaaje?

BARAKA: Wiki ya mwisho kabla ya safari, kila nikitoka kukimbia nitajiloweka kwenye bafu la maji ya nyuzi karibu 40, dakika 20 hadi 30. Mwili unajifunza kutoa jasho mapema, na majimaji ya damu yanaongezeka, kwa hiyo moyo hauhangaiki sana juani.

NEEMA: Kizunguzungu kikija, toka. Asiwepo mtu anayejiloweka hivyo akiwa peke yake nyumbani. Mwenye presha, matatizo ya moyo au mjamzito, kwanza daktari. Moshi unafika lini?

BARAKA: Alhamisi. Mbio Jumapili.

NEEMA: Alhamisi! Kaka, mwili unataka wiki moja mpaka mbili kuzoea joto. Na kuna saa tisa za tofauti kati ya huku na kule, usiku wa kwanza utakesha.

BARAKA: Ndiyo likizo niliyopewa.

NEEMA: Basi ule muda uliokimbia Oktoba uufute. Panda polepole, kila meza ya maji simama unywe, nyingine jimwagie kichwani. Kasi utaitafuta kwenye kushuka, kama mapaja yatakuwepo. Na viatu vya mbio usivipakie kwenye begi kubwa. Panda navyo ndege miguuni.

BARAKA: Hivi vilivyojaa chumvi ya barabarani?

NEEMA: Vioshe, bwana! Wiki ijayo tunajibu maswali yenu ya magoti, yamejaa.